Dau la Jirani Mwema

11 Januari

Mpwa wangu, Mama Breki,

Shikamoo yako ya barua iliyopita ilifika salama, marahaba. Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako naye hajambo isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua na humu ndani linaheshimiwa kuliko mimi. Kuku wawili hawaonekani. Yeye anasema wameibwa. Mimi nasema kwa jinsi anavyowagombeza, hata mimi ningetoroka.

Haya, tuje kwenye la maana. Nimeamua kuliuza gari. Najua umerudia kuusoma mstari huo, lakini ndivyo nilivyoandika. Nimefundishia udereva ndani yake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na wewe mwenyewe ulijifunzia humo, ukanipigiza paji la uso kwenye kioo mpaka nikakupa hilo jina lako. Mwaka huu sikuomba upya leseni ya ukufunzi. Macho, mwanangu. Katikati naona vizuri, ila pembeni pameingia ukungu. Mtu akinijia kwa kushoto simwoni mpaka afike mbele ya pua. Juzi nimejitazama kwenye kioo cha kinyozi nikajiona sina masikio, nikadhani amezidisha kunyoa.

Daktari wa macho anataka kunifanyia shughuli ndogo, na shughuli hiyo ina gharama yake. Gari litailipa. Mpasuaji mwenyewe huja hospitali yetu kwa zamu. Zamu ijayo ni mwezi wa tano, na baada ya hapo hakuna anayejua atarudi lini. Kwa hiyo gari liwe limeuzwa kabla ya hapo.

Kinyozi amenieleza habari za mnada wa mtandaoni. Unaweka picha na bei ya kuanzia, watu wanapandishiana dau wakiwa vitandani kwao, siku ya kufunga wa juu ndiye mwenye gari. Tutatumia simu yake kwa kuwa yangu ni ya kubonyeza. Kazi yako ni kutunga maelezo, maana wewe ni karani na maneno ya kuuzia vitu unayajua. Nataka ukweli mtupu. Kasoro zote nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Pedali ni jozi mbili, na za upande wangu sing'oi.

Mkaza mjomba wako ameninyang'anya kalamu: *Kila jioni anakwenda kukaa ndani ya hilo gari, halijawashwa, mikono magotini. Mwambie asiliuze.*

Usimsikilize.

Mjomba wako


2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mkaza mjomba pia shikamoo, na goti lake. Sisi wazima. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akicheka anaziba mdomo kwa daftari. Baba yake bado yuko kwenye ujenzi wa barabara, akija nyumbani analeta vumbi na nguo za kufua. Mimi niko palepale kwenye ghala la vigae. Nakuandikia saa ya chakula, nimeegemea boksi la vigae vya bafuni, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usinicheke.

Maelezo yako nimemsomea karani mwenzangu, akashindwa kumeza chakula. "Gari hili limeendeshwa na watu wengi wasiojua kuendesha, na kila mmoja ameliumiza mahali pake." Mjomba, nani atanunua gari linalojililia hivyo? Nimeandika upya. Kasoro za kweli nimeziacha zote, gia ya pili inavyokataa na mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani. Nimeondoa tu ile sehemu unayoeleza nani alisababisha nini.

Sasa hayo macho. Kama ni mtoto wa jicho, usijitie hofu. Jirani yangu alikaa na ugonjwa huo miaka akafanyiwa upasuaji, siku hizi ndani ya basi anasoma gazeti la mtu wa kiti cha mbele. Ni jambo linaloweza kusubiri. Lakini kama shida ni fedha, kwa nini uuze gari? Nilikaa kwako miaka yote ya sekondari, nikila na kuvaa, wala sikusikia ukitaja gharama. Niache nami nitume kitu. Niambie tu kiasi gani.

Wako,
Mama Breki


20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na mpe pole mjukuu wangu. Mwambie mimi nina mapengo matatu na bado nacheka mbele za watu.

Fedha zako sizitaki. Sikukulea ili baadaye nikutoze. Ukizituma nitazirudisha, na watakaofaidi ni posta, watachukua ada mara mbili. Tusilirudie hilo tena. Kuhusu jicho, daktari ana jina refu la huu ugonjwa, ila hilo lako la mtoto wa jicho naona linatosha.

Mnada umefunguliwa, na utafungwa katikati ya Machi. Kwa kinyozi sasa hapakaliki. Watu wanakuja kunyoa ndevu ambazo hazijaota, ili mradi waulize dau limefika wapi. Mtu mmoja ameuliza kwenye ukurasa kama gari linakula mafuta sana. Nimemwambia kinyozi amjibu kwamba linakula kwa kadiri ya mguu wa dereva. Hakurudi. Kinyozi amenikataza kujibu tena maswali, eti nafukuza wateja.

Walioweka dau mpaka leo ni wachache. Kuna mmoja anajiita Binti King'ora, yeye hapandi kwa pupa, anapanda kidogo kidogo kama mtu anayeijua mifuko yake.

Juzi nimegonga bega kwenye mlango wa kabati uliokuwa wazi. Mkaza mjomba wako amezoea sasa, anafunga milango yote mbele yangu bila kusema neno. Afadhali angesema.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa ni haraka haraka, kuna lori linashusha mzigo na nahesabu maboksi kwa jicho moja. Mtoto hajambo, meno yameanza kuchungulia. Baba yake alikuja, akarudi.

Huwa naufungua ukurasa wa mnada saa ya chakula. Huyo Binti King'ora simpendi. Jina lenyewe linaonyesha ni mtu wa mbio, na gari lako ni zee, linataka mtu mtulivu. Kuna mwingine ameingia wiki hii anaitwa Jirani Mwema. Huyo anaonekana mtu wa maana. Ningekuwa mimi ningemwombea yeye.

Na ukae ukijua kwamba gari kuuzwa si lazima liondoke uani. Dunia ina watu wa ajabu, huenda mnunuzi akakwambia baki nalo. Nasema tu.

Lori limemaliza. Nitaandika vizuri zaidi.

Mama Breki


12 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako bado sijaiona, lakini nimeshindwa kuingoja. Wote wazima.

Jana Binti King'ora amekuja mwenyewe kuliona gari. Kumbe ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni dereva wa gari la wagonjwa hospitalini. Anataka kufungua shule ya udereva ya akina mama, na gari lenye pedali jozi mbili amelitafuta muda mrefu bila mafanikio. Ameketi kiti changu, akakanyaga breki yangu, akaniuliza nilijuaje muda wa kuikanyaga na muda wa kumwacha mwanafunzi ajiokoe. Tumeongea hapo garini mpaka mkaza mjomba wako akatuletea chai dirishani.

Nakwambia ukweli, nilikuwa nikiumia. Kila dau likipanda nilikuwa nahisi ninauza mguu wangu. Jana maumivu yamepungua. Kama gari ni la kuondoka, liende kwake. Ameniomba niwe nafika shuleni kwake mara moja moja kukaa na wanafunzi darasani, kwa mdomo tu, hakuna haja ya macho.

Kuna mpinzani wake mpya anajiita Jirani Mwema, niombee achoke.

Mjomba wako


28 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Goti limetulia, kuku mmoja amerudi akiwa amenona kuliko alivyoondoka, kwa hiyo huko alikokuwa wanajua kulisha.

Mnada umefungwa. Jirani Mwema hakuchoka. Dakika za mwisho walipandishiana na Binti King'ora mpaka wateja wakasimama na mashuka yao ya kunyolea shingoni, kinyozi akamwacha mzee mmoja na nusu kichwa. Bei imepanda kuliko gari lenyewe linavyostahili. Binti King'ora aliishia pale mifuko yake ilipoishia.

Kinyozi akampigia simu mshindi, akaiweka sauti juu ili wote tusikie. Mimi nilikuwa kwenye kiti, povu shavuni. Akapokea mama mmoja mwenye mafua makali. Akasema yuko mbioni kulipa, fedha zinashughulikiwa, tumvumilie mpaka mwisho wa mwezi. Kinyozi akataka kumkaripia, nikamkanyaga mguu.

Masharti ya mnada yanasema mshindi asipolipa ndani ya wiki mbili, muuzaji ana ruhusa ya kumgeukia wa pili. Binti King'ora amekuja tena, fedha zake mkononi. Nimemwambia asubiri. Mnunuzi naye ni binadamu, huenda amebanwa, na si vizuri kumwaibisha mtu aliyetoa neno lake. Mkaza mjomba wako amenuna, lakini mambo haya ni yangu.

Kwa hiyo usisikitike kwa ajili yangu. Na huyo Jirani Mwema, popote alipo, naye asisikitike. Alipe atakapoweza.

Mwandiko umelala kidogo, utanisamehe. Mistari ya karatasi hizi wameichapa hafifu.

Mjomba wako


25 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika. Mtoto aliumwa homa, ikapita. Baba yake mkataba umesimama, yuko nyumbani, anatengeneza kila kitu ambacho hakijaharibika.

Barua yako ya tarehe 12 Machi imenifikia mnada ukiwa umeshafungwa. Nilivyosoma habari za yule dereva nilikaa nayo muda mrefu. Pengine naye atapata gari lingine.

Kuhusu mnunuzi, nadhani umefanya vizuri kumvumilia. Mikopo siku hizi inazunguka. Mtu anaweza kuwa na nia safi, karatasi zake ziko mezani kwa mtu, na mdhamini wake kasafiri. Nasema kwa mfano. Bila shaka atalipa. Nina hakika atalipa.

Na zamu ya daktari ikikupita, kutakuwa na nyingine. Yule jirani yangu mwenye gazeti alikosa zamu mbili.

Umekula? Unalala? Kwa nini mistari ya barua yako inaachana na kupandana? Karatasi nilizokutumia zina mistari mizito, nilizichagua mwenyewe.

Mama Breki


9 Juni

Mpwa,

Mjomba wako anakusalimu. Anayeandika ni mimi kinyozi, yeye anasema na mimi naandika.

Wote wazima. Mjukuu apewe pole ya homa, ingawa imechelewa.

Jirani Mwema amelipa. Fedha zimeingia mwisho wa mwezi wa tano, zote, hata senti haikupungua. Tunamshukuru. Amemwandikia kinyozi ujumbe kwamba gari libaki uani kwa mwalimu, alitumie atakavyo, ni zawadi. Wateja wamepiga makofi.

Daktari wa zamu alikuja mwanzoni mwa mwezi wa tano akaondoka. Hospitali walitaka fedha kwanza. Nimeonwa na mwingine wiki iliyopita. Anasema huu ugonjwa ni presha ya macho, unakula kimyakimya kutoka pembeni kuja katikati, na ulichokula haukirudishi. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki na tundu la kuchungulia.

Binti King'ora amenunua gari lingine, la kawaida, fundi anamtengenezea pedali.

Hayo ndiyo ya huku. Mkaza mjomba wako anakusalimu.

(Mimi kinyozi naongeza langu: nilimwambia zaidi ya mara moja ampe yule dada gari. Alikuwa akinijibu kwamba sielewi. Na kweli mpaka leo sielewi.)


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za nyumbani.

Jirani Mwema ni mimi. Mafua uliyoyasikia ni vidole vyangu vilivyobana pua. Nilikuwa nimejificha nyuma ya vigae, karani mwenzangu akinishikia mlango, tunacheka kama wasichana wa shule. Nilijiona mjanja. Ulikataa fedha zangu, nikasema basi nitazipitisha dirishani. Ningekununulia gari, ungeendelea kukaa ndani yake jioni, ungepata fedha za daktari, na ningekwambia siku moja tukacheka wote. Sikuwa na fedha zenyewe mkononi. Nilitegemea mkopo wa chama chetu cha akiba kazini, nilidhani utachukua wiki moja. Kila Binti King'ora alivyopanda nilipanda, mpaka nikapita kiasi cha mkopo nilichoomba, ikabidi niombe upya.

Barua yako ya habari zake ilipofika nilikuwa bado na nafasi. Ningepiga simu moja tu kwa kinyozi, mnunuzi amejitoa, mwiteni wa pili. Niliishika simu. Kisha nikawaza, nikijitoa, mjomba hatajua kamwe kwamba nilitaka kumfanyia jambo. Hilo ndilo lililonizuia. Nilitaka shukrani yako kuliko nilivyotaka upone, ingawa wakati ule sikuliona hivyo.

Nawe ukaniacha niendelee kusema mtoto wa jicho, mtoto wa jicho. Kwa nini hukuniambia ni presha? Samahani. Sina haki ya kukuuliza.

Usiniambie umenisamehe. Nigombeze kama ulivyokuwa ukinigombeza nikipita taa nyekundu.

Mpwa wako


14 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii anaandika mkaza mjomba wako, na ndiye aliyenisomea ya kwako. Kwa kinyozi sikuipeleka.

Nilikujua kabla hujamaliza kusema haloo. Uliishi nyumbani kwangu, ukawa unamwigiza mwalimu wako wa hesabu kwa pua hiyohiyo, leo nikusahau? Nilikaa na povu langu nikawaza: mtoto analitaka gari, ameona haya kuniomba, na sasa fedha zimempungukia. Na mimi ndiye niliyemkatalia fedha zake kwa maneno makali. Nikimpa yule dada gari, mpwa wangu atajua kwamba nimeujua unyonge wake. Nikasema nimsitiri. Kila mkaza mjomba wako aliponiuliza tunangoja nini, nilimwambia mnunuzi ni mtu wa heshima. Zamu ya daktari ilipofika nilijikaza, nikajiambia ni jicho moja tu, na mtoto ni mmoja tu.

Wewe unasema ulitaka shukrani. Mimi nilitaka nionekane nisiye na shida. Ningekuandikia neno moja, presha, ungepiga mbio. Nilijua ungepiga mbio, ndiyo maana sikuliandika. Kwa hiyo nikugombeze kwa lipi?

*Mimi mwandishi naomba nafasi. Nimewasoma nyote wawili tangu Januari, nikakatazwa kusema. Mmesitiriana mpaka jicho limekwenda. Kama ni heshima, hiyo heshima siitaki tena nyumbani kwangu.*

Nimemwambia asiyafute hayo.

Sasa nisikilize. La kulia linapasuliwa Agosti, kuokoa kilichobaki, katika hospitali kubwa ya huko mjini kwenu. Fedha zipo, ni hizo zako. Lakini siwezi kusafiri peke yangu. Nimejaribu kufika kituo cha basi nikiwa na fimbo, nikarudishwa na mtoto wa watu niliyemkanyaga. Mkaza mjomba wako hawezi ngazi kwa goti lile. Usiku silali, nalifumba hili lililobaki nione itakavyokuwa, halafu nalifumbua upesi.

Naogopa, mwanangu. Neno hilo sijawahi kulitamka mbele yako, hata siku ile ulipotuingiza mtaroni. Naogopa sana, na nataka mtu wa kunishika mkono mpaka mlangoni mwa daktari, na mtu huyo nataka awe wewe.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Mjomba wako